Mafuta yakipanda kila serikali ina mpango wa nishati. Yakishuka, mpango unakwenda wapi? (Uzi mrefu)

#1 Kibatari

Wakuu, heshima kwenu.

Kila bei ya mafuta ikipanda, jukwaani tunagombana ugomvi ule ule: weka ruzuku, ondoa tozo, acha soko liamue. Leo naomba tugombanie kitu kingine. Ninavyoona mimi, nchi hazitofautiani sana siku mafuta yanapopanda. Siku hizo kila waziri ana mpango wa nishati mkononi. Zinatofautiana bei ikishateremka, foleni zimekwisha sheli, wabunge wamehamia mada nyingine, na fedha za ule mpango zinaanza kuonekana kama za kuchezea. Hapo ndipo sera inapokufa au kushika mizizi.

Naanzia 1973. Oktoba 6 Misri na Syria ziliishambulia Israel. Siku 11 baadaye nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilikutana Kuwait, zikakubaliana kupunguza uzalishaji, kisha zikaacha kabisa kuziuzia Marekani na Uholanzi. Pipa lililokuwa likienda kama dola 3 likafika dola 11.65 Januari 1974. Wengi wanakumbuka kile kikwazo tu. Lakini kikwazo dhidi ya Marekani kiliondolewa Machi 1974 na bei haikurudi ilikotoka, na bei ndiyo iliyoumiza dunia. Halafu yakaja mapinduzi ya Iran, 1979, pipa likavuka dola 30. Mwaka 1986 Saudi Arabia ilikuwa imechoka kubeba peke yake mzigo wa kupunguza uzalishaji ili wengine wafaidi, ikafungua bomba, na pipa likaporomoka hadi kukaribia dola 10.

Sasa angalia nani alifanya nini.

Denmark mwaka 1973 ilitegemea mafuta ya nje kwa zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake yote. Kuanzia Novemba 25 mwaka huo magari yalipigwa marufuku Jumapili, watu wakatembea kwa farasi na baiskeli kwenye barabara kuu. Hiyo ni picha nzuri ya magazetini, haina maana kubwa. Kilichokuwa na maana ni kwamba walipanua mfumo wa kuchukua joto linalopotea kwenye mitambo ya umeme na kulisambaza kwa mabomba ya maji ya moto kupasha nyumba za mji mzima, na wakawalea mafundi waliokuwa wakichezea mitambo ya upepo. Nyuklia bunge lao liliikataa 1985. Mwaka uliofuata bei ya dunia ikaanguka, mipango yote hiyo ikaonekana hasara. Serikali ya Denmark ikapandisha kodi ya mafuta, kwa makusudi, ili mwananchi asiyaone mafuta kuwa rahisi tena. Fikiria waziri wa kwetu anasimama kutangaza hilo! Leo zaidi ya nusu ya umeme wao unatoka kwenye upepo.

Ufaransa walikwenda njia nyingine. Machi 1974 Waziri Mkuu Pierre Messmer alitangaza mpango wa kujenga vinu vya nyuklia kwa wingi. Bei ilipoanguka 1986 zege lilikuwa limeshamwagwa, hakukuwa na kurudi nyuma. Wakati mwingine mradi mkubwa usiobadilika una faida hiyo, hata kama ulikopewa fedha nyingi mno.

Marekani ni mfano wa kinyume. Mwaka 1979 Rais Carter aliweka paneli za jua juu ya paa la White House. Mwaka 1986, enzi za Reagan, paa lilipokarabatiwa, paneli zikashushwa na hazikurudishwa. Bado wana mambo mawili ya maana yaliyobaki tangu 1975: viwango vya ulaji wa mafuta kwa magari mapya, na akiba ya kimkakati iliyofukiwa kwenye mapango ya chumvi huko Louisiana na Texas. Akiba hiyo ndiyo waliyoifungua 2022, mapipa milioni 180.

Brazil nitaieleza kama kuna atakayeuliza, maana ile ni hadithi ya peke yake.

Karibuni.

#2 Mtu wa Chini

Niko siti ya mbele. Brazil tafadhali.

#3 Mzee Msasani

Kijana Kibatari umenikumbusha mbali. Huko Denmark unakosema walipanda farasi, sisi hapa Dar tulipigwa marufuku pia. Gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana haikuruhusiwa barabarani bila kibali. Harusi zote zikahamia Jumamosi, na aliyekwenda Bagamoyo kula samaki ilibidi aondoke kabla sahani haijaisha. Daktari alikuwa na kibali, na ghafla mji ukajaa watu waliokuwa na shemeji daktari.

Lakini usimwachie mafuta lawama yote. 1973 hadi 1975 kulikuwa na ukame, tukaagiza mahindi kwa fedha za kigeni zile zile za mafuta. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. 1978 Amin akaingia Kagera. Vita inakunywa dizeli kuliko kitu chochote. Kwa hiyo mshtuko wa 1979 ulitukuta tayari tumelala chali.

#4 Kibatari

Shikamoo mzee. Umenena, na naongeza hapo hapo.

Mafuta yalitupiga kwa njia tatu na mbili kati yake hazionekani sheli. Ya kwanza ni bili yenyewe: mafuta yale yale, au hata pungufu, kwa dola nyingi zaidi. Ya pili, wanunuzi wetu wa mkonge, pamba na kahawa walikuwa na msukosuko wao kwa sababu ya mafuta hayo hayo, kwa hiyo mazao yetu yakakosa bei. Kahawa ilitupa nafuu 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuua mibuni ya Brazil, kisha nafuu ikapita. Ya tatu ndiyo mbaya. Waarabu walioingiza dola za ghafla waliziweka kwenye benki za London na New York, benki zikazikopesha kwa nchi maskini kwa riba inayopanda na kushuka. Oktoba 1979 Paul Volcker, gavana wa benki kuu ya Marekani, akaamua kuua mfumuko wa bei kwa nguvu, na riba ikakaribia asilimia 20 kufikia 1981. Agosti 1982 Mexico ikatangaza haiwezi kulipa. Na Mexico ilikuwa muuzaji wa mafuta! Mkopo wa mshtuko wa kwanza ulilipiwa kwa riba ya mshtuko wa pili.

Sasa kuhusu sisi na ile hoja yangu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa na kampuni ya mafuta ya AGIP ya Italia mwaka 1974. Soma tena mwaka huo. Mwaka ule ule bei ya mafuta ilipotuvunja mgongo, gesi ilipatikana pale Kilwa. Umeme wa kwanza wa gesi hiyo ulifika Ubungo 2004. Miaka thelathini. AGIP walikuwa wanatafuta mafuta, hawakuona biashara kwenye gesi. Shirika letu la mafuta, TPDC, likaendelea kuchimba kwa mikopo, ukaja mradi wa kiwanda cha mbolea Kilwa, KILAMCO, bei ya dunia ikaanguka katikati ya miaka ya themanini na mradi ukafa. Ndiyo maana nasema tutazame siku za bei ya chini.

#5 Hesabu Kali

Mleta uzi unatupeleka Denmark wakati tatizo liko kwenye risiti yako ya sheli. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2023/24, lita moja ya petroli ilibeba ushuru wa bidhaa shilingi 379 na tozo ya barabara shilingi 513. Hizo mbili tu ni shilingi 892, na sijagusa vitozo vingine vya taasisi. Toa kodi, mshtuko umekwisha. Sera ya nishati ya nchi hii ni moja tu: kila hela ikikosekana, ongeza mia kwenye lita. 2021 mia ya barabara za vijijini, 2023 mia ya miradi ya kimkakati.

#6 Kibatari

Hesabu Kali, namba zako ziko sawa, ila tazama umbo lake. Kodi yetu ni kiasi kisichobadilika kwa lita. Bei ya dunia ikipanda mara mbili, serikali inabaki na shilingi zile zile kwa lita. Kwa hiyo kwetu kodi haizidishi mshtuko, inakaa tu chini yake. Kenya wana kodi ya ongezeko la thamani (VAT) juu ya mafuta, nayo inapanda na bei.

Na ukiitoa, barabara zinajengwa na nini? Hiyo tozo ya barabara ndiyo inayolisha TANROADS na TARURA, wakala wa barabara. Unaweza kuniambia fedha hazifiki, hapo tutaelewana. Lakini kuiondoa kwa sababu Brent (mafuta ghafi yanayotumika kama kipimo cha bei ya dunia) imepanda ni kuhamisha mshtuko kutoka sheli kwenda kwenye mashimo ya barabara.

Tukumbuke 2022. Mei petroli Dar ilifika shilingi 3,148 na Rais Samia akatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. Agosti, pamoja na ruzuku, ilikuwa 3,410. Mimi sikuipinga ile ruzuku, vita ya Ukraine haikuwa imepangwa na mtu wa Tandika. Ila bilioni 100 za mwezi mmoja zilichomwa zote ndani ya mwezi huo huo, na nyingi zilikwenda kwa mwenye gari kubwa la V8 kuliko mwenye bodaboda, maana ruzuku inafuata lita.

#7 Tunduma Njia Panda

Naombeni niwape ya huku barabarani maana mnaongelea mafuta kama kitu cha kwenye luninga.

Sisi tunabeba mzigo Dar kwenda Kopala (ukanda wa shaba wa Zambia), na Lubumbashi na Kolwezi kule Kongo. Dizeli ndiyo gharama ya kwanza ya safari, kabla ya dereva, kabla ya tairi. EWURA, mdhibiti wa nishati, anatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwenye mzigo amefunga bei na wewe mwezi uliopita. Ukiamka Jumatano bei imeruka, gari liko Mikumi, faida imeishia hapo hapo. Wakubwa wanaandika kwenye mkataba kwamba dizeli ikipita kiasi fulani bei ya mzigo inapanda nayo. Sisi wa gari mbili tatu ukisema hivyo unaambiwa wapo wengine.

Halafu kuna kitu kinaitwa sera ambacho mleta uzi anakipenda. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, Zambia, tangu 1968 lilikuwa linapeleka mafuta ghafi kwenye kiwanda chao cha Indeni. Zambia wakafunga kusafisha ghafi, na 2023 bomba likaanza kusukuma dizeli iliyo tayari. Kwao ni ushindi, mafuta yanafika kwa nauli ndogo. Kwa mwenye boza aliyekopa benki kwa ajili ya njia ya Ndola, ndiyo siku aliyofilisika. Wakati wa bei kubwa walipitisha uamuzi, na bei iliposhuka hawakurudi nyuma, kwa hiyo kwa kipimo chako Kibatari wamefaulu. Sawa. Lakini mtu aliyelipia kufaulu huko hakuulizwa.

#8 Kibatari

Mkuu wa Tunduma, hapo sina ubishi. Japan ni hivyo hivyo. 1974 mfumuko wa bei ulipita asilimia 20, na mwishoni mwa 1973 akina mama walikuwa wamegombania karatasi za chooni madukani kwa uvumi tu kwamba zitakwisha. Baadaye wakasifiwa dunia nzima kwa kuupokea mshtuko wa 1979 bila kutetereka sana. Sehemu ya siri hiyo ni kwamba viwanda vyao vya kuyeyusha alumini, vinavyokula umeme kupita kiasi, viliachwa vife karibu vyote. Waliokuwa wakifanya kazi humo hawamo kwenye sifa hizo.

#9 Wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Kibatari, nadharia yako tamu, lakini Kenya tuliifanya na ikatushinda. Hebu nikupe.

Julai 2020 mafuta yalikuwa chini kabisa duniani. Unakumbuka Aprili mwaka huo mafuta ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri, mwenye pipa akawa analipa ili lichukuliwe? Basi serikali yetu ikapandisha ule ushuru wa maendeleo ya petroli kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita. Tukaambiwa ni akiba, bei ikipanda itashusha makali. Yaani ndiyo dawa unayoihubiri: weka wakati wa bei ya chini.

2021 bei ikapanda, akiba ikaanza kutumika. Kisha kukatoka habari kwamba sehemu ya hela hiyo ilipelekwa kwenye matumizi mengine kabisa. Kufika Aprili 2022 serikali ilikuwa inadaiwa na kampuni za mafuta, kampuni zikabana mafuta, na nchi nzima ikapanga foleni. Nakumbuka matatu zetu za Kivuko zilipandisha nauli siku hiyo hiyo na hazikuishusha foleni zilipokwisha. Serikali ikamfukuza nchini mkuu wa kampuni moja kubwa ya mafuta, raia wa kigeni. Septemba mwaka huo Rais Ruto akaapishwa Jumanne, na Jumatano usiku bei mpya ikatoka: petroli Nairobi kutoka 159.12 hadi 179.30, ruzuku ya petroli kwisha. 2023 VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16 na Oktoba tukawa 217.36.

Kwa hiyo kuweka akiba peke yake si jibu. Nani anashika ufunguo?

#10 Mtu wa Chini

Wa Likoni kamaliza uzi.

#11 Al-Matrah

Hajamaliza. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati. Huku kwetu mnachokiita mshtuko ni sikukuu, na mnachokiita nafuu ndicho kilio chetu.

Katikati ya 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Serikali ya Oman inakula mafuta: mishahara, hospitali, ruzuku, vyote vinatoka humo. Januari mwaka huo huo petroli yetu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa bei moja isiyosogea, ikaanza kubadilika kila mwezi. Ajira za serikali zikafungwa, na wageni katika kazi nyingi wakaanza kubadilishwa na wenyeji. Jamaa zangu wa kutoka Pemba na Tanga waliokuja kwa viza za kazi walirudi makwao kimya kimya. 2021 VAT ya asilimia 5 ikaingia. Mwaka huo huo, watu walipolalamika, Sultani akaifunga bei ya petroli isizidi ya Oktoba 2021, na ikabaki hivyo miaka iliyofuata. Na sasa sheria ya kodi ya mapato ya mtu binafsi imeshatoka, kuanza 2028 kwa wenye kipato kikubwa. Hakuna nchi ya Ghuba iliyowahi kufanya hivyo.

Angalieni basi: nchi yenye mafuta inatengeneza sera bei ikishuka kwa sababu inalazimika. Nchi isiyo na mafuta inalazimika bei ikipanda. Kila mmoja anasahau katika raha yake.

#12 Kibatari

Al-Matrah shukrani sana, hiyo ya mwisho naiba.

Na kwa wauzaji ambao hawakujirekebisha, Nigeria ipo. Bei ilipoanza kulegea baada ya 1981, Januari 1983 serikali ya Shagari ikawaamuru wageni wasio na vibali waondoke, zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Waghana. Mafuta yalipopanda waliitwa waje kufanya kazi, yaliposhuka wakageuzwa sababu ya shida. Ruzuku ya petroli waliibeba hadi Mei 29, 2023, Rais Tinubu alipoifuta kwenye hotuba yake ya kuapishwa, na ndani ya siku chache lita ikapanda zaidi ya mara mbili.

Linganisha na India na Indonesia. Zote mbili zilikuwa na ruzuku nzito. Bei ya dunia ilipoanza kuanguka mwishoni mwa 2014, India ikaachia bei ya dizeli Oktoba, na Indonesia ikafuta ruzuku ya petroli Januari 2015. Mwananchi hakuhisi sana kwa sababu soko lenyewe lilikuwa linateremka. Fedha zilizookolewa zikaingia kwenye bajeti. Uamuzi ni ule ule wa Nigeria na Kenya, tofauti ni mwezi waliouchagua.

Kwa Wa Likoni: ufunguo. Norway walipitisha sheria ya mfuko wao 1990, wakaweka fedha za kwanza 1996, na 2001 wakajiwekea kanuni ya kutotumia zaidi ya faida inayotarajiwa ya mfuko. Fedha zinawekezwa nje ya nchi, waziri hawezi kuzichukua kujenga daraja la jimboni kwake. Lakini Norway ni muuzaji tajiri, sitaki kuwadanganya kwamba tunaweza kunakili. Ninachokiamini mimi kwa nchi kama zetu ni akiba ya vitu kuliko akiba ya fedha. Mafuta yaliyomo tangini huwezi kuyahamishia fungu lingine kwa kalamu. Nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoanzishwa 1974 kwa sababu ya mshtuko ule ule, zinatakiwa kushika akiba ya siku 90 za mafuta wanayoagiza. Sisi akiba ya kimkakati ya Taifa imekuwa hotuba ya bungeni mwaka baada ya mwaka. Matangi 15 ya mita za ujazo 378,000 yaliyoanza kujengwa Kigamboni ni hatua, ingawa tangi la kupokelea shehena si sawa na akiba. Akiba ni mafuta ambayo umekataa kuyauza.

#13 Hesabu Kali

Nani atalipia mafuta yaliyokaa tu? Mtaji umelala, riba inakimbia, mafuta yenyewe yanaharibika yasipozungushwa. Mwisho wa siku utaniongezea tozo nyingine ya mia.

#14 Kibatari

Ndiyo, tozo. Na ningependa itozwe pipa likiwa dola 60, isitozwe likiwa 110. Ukinipa chaguo la shilingi ishirini leo au foleni ya kesho, nachagua ishirini.

Ila tusisahau kwamba tatizo letu si pipa peke yake. 2023 Brent ilikuwa chini kuliko 2022, bado tuliumia, kwa sababu dola zilikuwa hazipatikani na waagizaji walihangaika kulipia meli. Bei ya sheli kwetu ni bei ya dunia ya wiki kadhaa zilizopita, mara dola, kujumlisha gharama za kuagiza. Ule mfumo wa kuagiza kwa pamoja ulioanza 2012 ulipunguza ujanja mwingi, shehena inashindaniwa kwa zabuni na meli hazisubiriani ovyo bandarini. Haukuweza kutuletea dola. Kenya walijaribu kukwepa hilo 2023 kwa kununua kwa mkopo wa siku 180 kutoka Aramco na kampuni mbili za Emirates. Deni lilisogezwa mbele, dola zikatakiwa vile vile.

#15 Binti Upanga

Mimi naongelea jikoni kwa sababu mmeongea magari tu. Serikali imetuambia tuache mkaa, mkakati wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034. Watu wakiniambia "tuna gesi yetu ya Mtwara, mtungi utashuka" huwa nacheka. Gesi ya mtungi inakuja na meli. Ni propani na butani, mazao ya mafuta, inalipiwa kwa dola na bei yake inamfuata pipa. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni methani, haiingii kwenye mtungi ule wa kilo 15. Inakwenda kwa bomba, na bomba limefika nyumba chache sana.

Kwa hiyo tunapomtoa mama kwenye mkaa (na mkaa lazima tuuache, nimeshapikia nyumba nzima moshi kifuani), tunamuingiza kwenye soko la dunia ambalo hakuwa humo. Mlango wa bahari wa Hormuz, wanakopita meli za mafuta za Ghuba, ukifungwa, mkaa wa Kisarawe hauna habari. Mtungi unayo habari. Hilo silisikii likisemwa na mtu yeyote.

#16 Kibatari

Dada, hii ndiyo komenti bora ya uzi. Na jibu lake lipo ila ni la gharama: majiko ya umeme. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, halijui bei ya Brent. Linajua mvua, na hilo tumeshaonjeshwa. Kuanzia 1975 tuliegemea umeme wa maji, Kidatu kisha Mtera, badala ya mafuta. Ukame wa 2006 na 2011 ukaturudisha kukodi mitambo ya dharura, mingine ya kunywa mafuta, na 2011 pipa lilikuwa juu ya dola 100. Yaani tulinunua mafuta siku mbaya kuliko zote, kwa sababu mvua haikunyesha. Gesi ndiyo iliyotuokoa baada ya bomba la Mtwara 2015.

Mtu wa Chini uliuliza Brazil. Novemba 1975 walianzisha mpango wa spiriti ya miwa kwa magari. Waliagiza kama asilimia 80 ya mafuta yao wakati huo. Kufikia katikati ya miaka ya themanini magari mapya karibu yote yalikuwa ya spiriti tupu. Mafuta yakashuka 1986, sukari ikapanda bei, wenye viwanda wakageuza miwa kuwa sukari, na 1989 spiriti ikakosekana vituoni. Watu wana magari yasiyoweza kunywa petroli, wamekwama. Wananchi wakaapa hawanunui tena. Ilichukua hadi 2003, lilipokuja gari linalokunywa chochote, petroli au spiriti au mchanganyiko, ndipo mpango ukafufuka. Dereva anachagua mwenyewe kituoni kwa kuangalia bei.

#17 Kinondoni Bajaji

Wakuu mimi nimesoma uzi wote nikiwa foleni ya gesi ya magari, saa ya pili sasa. Kituo kimoja kina pampu mbili na moja mbovu. Nina gari aina ya IST pia naifanyia taksi, nimeambiwa kufunga mfumo wa gesi ni kama milioni mbili. Nifunge au bei ya petroli itashuka?

#18 Kibatari

Funga ukiwa unatembea kilomita nyingi kwa siku, kilo moja ya gesi inakupa nishati ya karibu lita moja na nusu ya petroli, na bei yake haipandi kila mwezi kwa sababu inatoka hapa hapa. Kwa gari la kwenda kanisani Jumapili usijisumbue. Petroli kushuka itashuka, na ikishuka hutajuta maana mfumo unakuachia tangi la petroli pale pale, unabadili kwa kitufe. Wasiwasi wangu ni hiyo foleni yako. Hesabu saa unazokaa humo kama abiria uliowakosa, halafu ndiyo upige hesabu ya hizo milioni mbili.

#19 Kinondoni Bajaji

Abiria niliowakosa leo wanne. Naingia pampuni, nitarudi kujibu.